Mwalimu Aliyengoja King'ora

Ukikutana na Mwalimu barabarani Eldoret miaka ile, hakukuita kwa jina lako. Alikuita kwa sauti yako. "Alto, watoto hawajambo?" "Besi, ile ng'ombe yako imezaa?" Kama hujawahi kuimba mbele yake alikuita "Wewe" tu, kwa upole fulani wa kukuhurumia, utafikiri ameona una kidonda. Mimi nilikuwa Soprano wa Duka, kwa sababu baba alikuwa na duka Munyaka na mimi ndiye niliyeuza pale. Hata mke wake mwenyewe, mama wa watoto sita, alimwita Alto, na kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo jina alilobatizwa nalo.

Mambo ya alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sitayaingilia. Yeye mwenyewe hakuyapenda. Ukimuuliza ametoka wapi alikujibu ametoka mazoezi, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Acha niseme mapema alichokuwa anakitaka, usije ukanilaumu baadaye. Alitaka kusimama jukwaani katika ukumbi wa mjini, peke yake, aimbe wimbo mmoja mpaka mwisho, watu wakimsikiliza. Basi. Wanakwaya wote tulijua. Mkewe alijua. Nadhani hata ng'ombe wake walijua, na hao nitawafikia. Aliyekataa kabisa kujua ni yeye mwenyewe. Ukimgusia habari hiyo alikohoa, akafunga skafu yake upya, akasema, "Mimi? Mimi ni mwalimu tu."

Ukumbi wenyewe aliujua kuliko mtu yeyote. Kabla ya Uhuru wazungu wa mashambani walikuwa wakikusanyika pale kufanya michezo yao ya kuimba, na Mwalimu, wakati huo kijana anayefundisha darasa la pili, alipewa kibarua cha kuvuta pazia. Miaka mingi alisimama pembeni ameshika kamba. Nyimbo zao zote alizishika kichwani, za wanaume na za wanawake. Alijua nani aliimba sawa na nani alikuwa anapiga kelele tu, na hiyo orodha ya pili, alisema, ilikuwa ndefu. Wazungu walipoanza kuuza mashamba na kuondoka waliacha piano, viti, na lile pazia jekundu lenye vumbi. Mwalimu alienda kuliangalia siku moja, akarudi akituambia, "Kamba ni ile ile," kama mtu aliyetoka kumwona rafiki hospitalini.

Sasa nikuonyeshe alivyofundisha, maana hapo ndipo alipopata sifa, na hapo ndipo tulipomcheka kwa siri.

Alikuwa na skafu ya sufu ambayo haikutoka shingoni, jua liwake, mvua inyeshe. Alikuwa na koti la kijivu lenye kiraka cha kahawia mgongoni, mahali liliporaruliwa na seng'enge. Kile kiraka watu wa kanisa walikijua vizuri kuliko uso wake, kwa sababu mwalimu wa kwaya husimama akitazama waimbaji, na mgongo wake ndio hubaki kwa waumini. Sisi wa kwaya tuliona mdomo wake ukiunda maneno, mikono ikipanda na kushuka, lakini sauti hakuitoa. Alitupa do, alitupa so, akanyamaza, akatuacha tuimbe. Hilo sikulitilia maanani wakati ule. Nilidhani walimu wote wako hivyo.

"Sauti haitoki kooni," alituambia kila Jumatano. "Inatoka kwenye viatu. Besi, viatu vyako viko wapi? Havisemi kitu."

"Fungua mdomo, Alto. Fungua kama unataka kuuma kabichi nzima."

"Na usiniletee hiyo sauti ya kuomba msamaha. Umeniibia nini?"

Mtu akitetemeka, hapo ndipo alipokasirika kweli. Woga, kwa maoni yake, haukuwepo. "Hakuna kitu kinaitwa woga. Ni uvivu wa pumzi. Jaza pumzi mpaka chini, utaniambia woga umekaa wapi." Alilisema hilo kwa uhakika mkubwa sana, na tukaliamini, na mimi mpaka leo nikiingia ofisi ya watu wakubwa bado najaza pumzi mpaka chini.

Zoezi lake la pumzi karibu litugombanishe na baba. Unalala chali, unawekewa pakiti ya unga tumboni, unaipandisha na kuishusha kwa pumzi bila kuiangusha. Nyumbani hapakuwa na nafasi, basi nikawa nafanyia dukani mchana, nyuma ya kaunta, wateja wakipungua. Siku moja baba akaingia na mteja anayetaka sukari, wakanikuta nimelala sakafuni kati ya magunia, macho juu, pakiti ya unga inapanda na kushuka.

"Haiya! Mtoto amekufa?" mteja akauliza.

"Hajafa," baba akasema, "anafundishwa." Akaitazama ile pakiti, akaongeza, "Hiyo unga usiifungue. Ni ya kuuza."

Halafu kulikuwa na sheria ya maziwa. Mwalimu alipiga marufuku maziwa wiki nzima kabla ya kuimba, ati yanavika koo blanketi. Hebu fikiria, kumkataza mtu wa Uasin Gishu maziwa! Kwaya nzima ilinung'unika. Chai ya rangi, maji ya moto, basi. Ilikuwa Jumamosi moja nilipotumwa kwake Kiplombe kupeleka ujumbe, nikamkuta nyuma ya mlango ameinua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, anameza amefumba macho. Akafumbua macho, akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Alifuta masharubu na mkono wa koti, akasema, "Mimi siimbi. Mimi nafundisha." Kisha akanimiminia kikombe, tukanywa wote, na wiki hiyo sauti yangu haikuwa na tatizo lolote.

Lakini kichekesho chake kikubwa kilikuwa king'ora.

Kila mwalimu wa kwaya ana kile kichuma chenye meno mawili, anakigonga gotini, kinalia, kutoka hapo anawapa watu do. Mwalimu hakuwa nacho. Aliwahi kuwa nacho, cha kupewa na padri mmoja, lakini kilipotea. Kilipoteaje, hiyo ilitegemea siku. Kwa watu wa besi alisema kilimtoka mfukoni akivuka daraja, kikaanguka Sosiani. Kwa mchungaji alisema kiliibwa kwenye mkutano wa walimu. Mimi niliambiwa kimemezwa na ndama, nikamuuliza huyo ndama alikuwaje baadaye, akasema alikua vizuri, ila alikuwa analia juu kidogo.

Kwa hivyo do yake aliitoa kwenye king'ora cha kiwanda cha nguo. Kile king'ora kililia saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na jioni wafanyakazi wakitoka. Kilipanda, kikatulia pale juu kwa muda, na Mwalimu aliinua kidole: "Hiyo ni so. Ishikeni. Shukeni nayo: so, fa, mi, re, do." Ndiyo maana mazoezi yetu yalianza jioni king'ora kikilia, si kabla, hata kama tumefika wote tumekaa. Ukimwambia, "Mwalimu, si utupe tu do yoyote," alikutazama kama umemwambia ajenge nyumba kuanzia paa.

Haya. Miaka michache baada ya Uhuru, Mama wa Maktaba, mwanamke mrefu mwenye miwani aliyesimamia vitabu vya mji, akabandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi. Wananchi wenyewe watafanya mchezo wa kuimba, wa kwanza wa Kiswahili katika ukumbi ule. Habari yake ni ya watu wanaonunua shamba la mzungu, mada ambayo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwa maana nusu ya mji ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Anayetaka kuimba afike Jumamosi fulani asubuhi, asikilizwe, achaguliwe.

Hatukujua kitu kama hicho kinafanywaje. Kitu tulichokijua ni intavyu ya kazi. Basi watu wakajiandaa kwa intavyu. Besi mmoja alikwenda kwa chifu kuandikiwa barua ya tabia njema. Dada mmoja alitoa cheti chake cha darasa la saba kwenye sanduku, akakipiga pasi. Baba alinipa barua ya mchungaji, na cheti cha ubatizo, akaona haitoshi, akaongeza leseni ya duka. "Wakikuuliza unatoka wapi, hiyo ina muhuri," alisema. Mimi mwenyewe nilikuwa naota usiku nimesahau karatasi. Hakuna siku niliota nimesahau wimbo.

Mwalimu ndiye aliyetuandaa wote, wiki sita. Kila mtu na sehemu yake. Na katika mchezo ule kulikuwa na mzee mmoja, Mzee wa Lango, aliyekuwa kibarua katika shamba lile tangu ujana, na sasa anarudi kama mwenyewe. Ana wimbo mmoja tu, karibu na mwisho, anasimama peke yake mbele ya lango na kuimba: "Nimekuja na jembe langu, nifungulieni, mimi si mgeni." Mama wa Maktaba alipotusomea maneno hayo mara ya kwanza nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshika skafu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, huyu si wewe?" Besi akamchokoza.

"Mimi? Mimi ni mwalimu tu." Akakohoa. Lakini wimbo huo hakumfundisha mtu yeyote. Wiki sita nzima, kila wimbo ulifundishwa isipokuwa huo.

Nilijua sababu. Jioni moja nilipita kwake tena, mkewe akiwa sokoni, nikasikia sauti ya mwanaume inatoka kwenye boma la ng'ombe. Jamani, ile sauti. Si kubwa. Ilikuwa na ukavu kidogo mwanzoni, halafu ikafunguka, ikawa kama mtu anakuambia wewe peke yako. "Nimekuja na jembe langu." Nilisimama kwenye matope nikasahau nilichotumwa. Halafu nikapiga chafya, sauti ikakatika, na Mwalimu akatoka na ndoo.

"Nani alikuwa anaimba, Mwalimu?"

Aliangalia nyuma, akawaangalia ng'ombe wake watatu mmoja mmoja. "Hapa hakuna mtu," akasema.

Jina lake hata hivyo liliandikwa. Aliliandika mwenyewe kwenye karatasi ya mlangoni, pembeni kabisa, kwa penseli. Tulipoliona tulifurahi mpaka tukaruka. Tulikubaliana tusimwambie tumeliona, asije akalifuta.

Sasa shamba. Mwalimu alikuwa mwanachama wa kampuni moja ya kununua mashamba, na baba yangu pia. Walikuwa wamenunua shamba kubwa la mzungu upande wa Ainabkoi, likapimwa vipande, na vipande vitagawanywa kwa kura: karatasi zenye namba zinatiwa kwenye kofia, kila mtu anachomoa yake kwa mkono wake. Asiyekuwepo anachukua kitakachobaki, na kilichobaki kila mtu alijua ni kile kipande cha bwawani ambapo hata kondoo walizama. Siku ya kura ilitangazwa. Ilikuwa Jumamosi ile ile.

Mama Alto alimwita mume wake mbele yangu, nikiwa nimekaa jikoni kwao. "Baba watoto, nisikilize. Nimelima shamba la watu miaka ishirini. Wewe imba utakavyo, lakini mkono wako nautaka kwenye ile kofia."

"Kura ni saa tisa," Mwalimu alisema. "Majaribio ni asubuhi. Lori linaondoka mjini saa nane. Nitakuwa kote."

Akapanga kweli, na mpango ulikuwa mzuri. Ataimba, atapanda lori, atachomoa namba. Sote tulimsaidia kuhesabu saa. Nilikuwa na hofu zaidi juu yake kuliko juu yangu.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa watu waliovaa kama wanaenda harusi, kila mtu na bahasha mkononi. Mama wa Maktaba alikaa mezani mbele ya jukwaa, na kila aliyepanda alimpelekea barua zake kwanza. Alijaribu kuwaeleza kwamba hazihitajiki, akachoka, akaanza kuzipokea tu na kuzipanga. Leseni ya duka aliisoma mbele na nyuma. "Asante," akaniambia. "Sasa imba."

Nilijaza pumzi mpaka chini. Niliimba. Sauti haikutetemeka, na nilipomaliza nilimwona Mwalimu pembeni, mahali pake pa zamani karibu na kamba ya pazia, amefumba macho anatikisa kichwa kwa furaha. Mama wa Maktaba akasema alichomwambia kila mtu: "Asante. Tutakujulisha." Nilishuka nikiwa na njaa kama simba.

Watu waliendelea, mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Mwalimu ilipofika alisema, "Tangulieni." Ikafika tena, akasema, "Tangulieni, hawa wametoka mbali." Mwishowe hapakuwa na wa kutangulia. Alipanda jukwaani na koti lake na skafu. Mpiga piano akampigia noti.

"Hiyo piano imeingiwa na panya tangu wazungu waondoke," Mwalimu akasema. "Siwezi kuanzia hapo. Nitangoja king'ora."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Ukumbi ulicheka, sisi wanakwaya tukacheka zaidi, na Mama wa Maktaba akaweka kalamu chini. Wote tukangoja. Mtu mzima, mwalimu wa watu, amesimama katikati ya jukwaa mikono nyuma, anangoja kiwanda kimpe noti! Nilicheka mpaka machozi, na moyoni nilikuwa naomba. Ee Mungu, aimbe.

King'ora kikalia. Kikapanda, kikatulia pale juu. So. Mwalimu akainua kidole kwa mazoea, so, fa, mi, tukamwona anashuka nayo kwa midomo. Kifua kikapanda. Mdomo ukafunguka.

Nje, honi ya lori ikapiga. Paa! Paa! Paa!

"Lori!" Mwalimu akasema. "Wananiita! Kura!" Akashika kofia yake, akashuka jukwaani kwa kuruka, akapita kati ya viti, mlango ukajifunga nyuma yake. Kitu cha mwisho tulichokiona ni kile kiraka cha kahawia. Sote tulidhani lori limeamua kuwahi.

Hivyo ndivyo hadithi ilivyosimuliwa Eldoret nzima. Mwalimu aliacha wimbo akakimbilia shamba. Na alipata kipande kizuri, juu kabisa, penye kijito. Mama Alto alimpikia kuku. Wazee walimtolea mfano kwenye mikutano: huyu ndiye mwanaume anayejua cha kwanza na cha pili. Naye aliipokea sifa hiyo vizuri sana. "Ningepita," alikuwa akisema, "lakini honi ilinipigia nikiwa kwenye mi."

Wimbo wa Mzee wa Lango akapewa karani wa posta, kijana wa miaka ishirini na nne aliyepakwa unga nywele ziwe nyeupe. Mwalimu alimfundisha yeye mwenyewe, kila siku, kwa subira ambayo sisi hatukuwahi kuonjeshwa. Siku ya mchezo, Jumapili mchana, mimi nilikuwa mwanakijiji wa tatu, nimebeba kikapu. Kutoka mahali niliposimama niliweza kuona pembeni mwa jukwaa. Karani alikuwa mbele anaimba, watu wanalia. Na kule pembeni, ameshika kamba ya pazia, Mwalimu alikuwa anaimba maneno yote bila sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akavuta pazia. Nilitaka kuangusha kikapu changu nimshike mkono, lakini mwanakijiji wa tatu hakuwa na ruhusa ya kutembea.

Miaka ikaenda. Alistaafu, akahamia Ainabkoi na Mama Alto wake. Mimi niliolewa, nikarithi duka. Siku moja baba, akiwa mzee tayari, tulikuwa tunamzungumzia Mwalimu na ile honi, nikicheka, na baba hakucheka.

"Mimi nilikuwa ndani ya lile lori," akasema. "Dereva hakuwa anamwita mtu. Kulikuwa na ng'ombe wamelala barabarani, alikuwa anawafukuza. Mwalimu alikuja anakimbia, akapanda, akakaa kona. Tulikaa hapo mpaka saa nane, kama ilivyopangwa. Saa nzima. Ukumbi uko pale, ng'ambo ya barabara."

"Hakurudi?"

"Nilimwambia, Mwalimu, bado kuna nafasi, nenda ukaimbe. Akasema hapana, do imeshapotea."

"Na wewe hukuwaambia watu?"

"Kwa nini niwaambie?" baba akasema. "Mtu alikuwa anatetemeka."

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Halafu nikaenda Ainabkoi. Nilijiambia naenda kununua viazi.

Nilimkuta amekonda, skafu ni ile ile, amekaa mbele ya nyumba yake ya mbao anachambua viazi vya mbegu. "Soprano wa Duka!" akapiga kelele kabla sijafika langoni. "Umenenepa. Vizuri, pumzi itapata mahali pa kukaa." Mama Alto alinisalimia, akanilalamikia kidogo kwamba siendi kuwaona, akarudi jikoni kupika chai. Tulipimiana magunia mawili. Nikataka kamba ya kushonea. "Ingia ndani," akasema, "kuna mkebe wa kakao juu ya kabati, kamba imo humo."

Nilifungua mkebe. Kamba ilikuwemo. Chini yake, kimefungwa katika leso nyeupe iliyopigwa pasi, kilikuwemo kichuma chenye meno mawili, kinang'aa, hakina hata doa la kutu.

Nilitoka nacho nje. Nikakinyoosha mbele yake.

Alikitazama. "Kilirudi," akasema.

"Kutoka Sosiani?"

"Maji yalipungua."

"Au ndama alikitapika?"

Akacheka, lile cheko lake la kukohoa, halafu likaisha. Aliweka kiazi chini. "Sikukipoteza hata siku moja," akasema. "Kichuma, Soprano, ukikigonga kinalia saa hiyo hiyo. Huna la kusema, lazima uanze. King'ora unaweza kukingoja." Alisugua mikono kutoa udongo. "Mimi niliogopa. Nilifundisha watu miaka thelathini kwamba hakuna woga, nami nilikuwa nao mwingi unatosha kwaya nzima. Siku ile pale juu niliona zile nyuso. Nilizoea kuona nyuso zenu, ninyi mnaoimba. Za wanaosikiliza sikuwa nimewahi kuziona."

Nilitaka kumwambia kwamba nilijua, kwamba baba aliniambia, kwamba haikunipunguzia hata chembe ya mapenzi niliyokuwa nayo kwake. Badala yake niligeuza ndoo ya viazi, nikaikalia, nikachukua gunia tupu nikaliweka magotini liwe meza.

"Anayefuata!" nikasema. "Barua zako ziko wapi?"

"Wacha mchezo, mtoto wewe."

"Hakuna barua ya chifu? Cheti cha ubatizo? Haya, tutakusamehe. Imba."

Alisimama. Nilidhani anakwenda zake. Alichukua kichuma mkononi mwangu, akakigonga gotini, akakiweka sikioni. Kisha akanigeuzia mgongo, akatazama mashamba, nami nikakiona kile kiraka, kimeshonwa tena juu ya kiraka.

"Geuka, Mwalimu," nikasema.

Hakugeuka.

"Geuka. Ni mimi peke yangu."

Akageuka. Alikuwa ametoa skafu, ameishika mkononi, na shingo yake ilikuwa nyembamba sana. Akakigonga kichuma mara ya pili. Akajaza pumzi mpaka chini. Na akaimba. Sauti ilikwaruza, ile noti ya juu aliikosa kidogo, mikono ilitetemeka wazi wazi, lakini macho hakuyaondoa kwangu. "Nimekuja na jembe langu, nifungulieni, mimi si mgeni." Aliimba mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nalia juu ya ndoo ya viazi, sina aibu.

Jikoni vyombo vilinyamaza. Mlango ukafunguka kidogo, Mama Alto akatoa kichwa, mwiko mkononi.

"Nani amefungua redio?"

"Si redio, Alto," Mwalimu akasema. "Ni mimi."